Nyumba ya bei nafuu ya Mama hapa Nakuru: nimeikagua kwa ndoo ya maji

Siku tuliyoitwa kukagua nyumba ya Mama nilienda na ndoo ya lita 20. Wenzetu walikuja na simu za kupigia picha, na mmoja alileta futi ya kupimia mapazia. Mimi nilijaza ndoo kwenye bomba la jikoni, nikaingia bafuni, nikaimwaga yote sakafuni kwa mkupuo, kisha nikasimama mlangoni niangalie maji yanaelekea wapi.

Yalielekea kwangu. Tundu la kutolea maji liko kwenye kona ya ndani, chini ya shawa, na kona hiyo ilibaki kavu. Maji yalitambaa hadi kwenye fremu ya mlango, yakatuama hapo, mengine yakaanza kuchungulia sebuleni. Fundi wa vigae niliyeandamana naye, jirani yetu wa miaka mingi, akachuchumaa, akatoa sarafu ya shilingi 10 na kugonga kigae kimoja kimoja huku ameinamisha sikio. Vingi vililia kizito. Sita karibu na choo vililia kama debe. "Hapa simiti haikushika chini," akasema. "Mama akiangusha sufuria hapa, kigae kinapasuka."

Mtaa wenyewe sitautaja. Ni mtaa mpya wa nyumba zilizojengwa kwa pesa za umma, na kasoro ninazozieleza zina dawa. Ninachotaka ni kwamba wewe unayeweka akiba, au unayekatwa kila mwezi bila kujua unakatiwa nini, ujue cha kutazama na cha kuuliza. Kwa ufupi, nyumba naipa nyota nne kati ya tano. Huduma ya kumfikisha mtu kwenye hiyo nyumba naipa mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya mama mmoja wa mapokezi aliyekuwa akipokea simu zangu kila mara, hata pale alipokuwa hana jibu.

Mimi ni karani wa mishahara katika karakana ya kuchomelea vyuma na kuunda bodi za malori. Tuko watu 23. Makato ya nyumba, yaani pesa zinazokatwa kwenye mishahara ili kujenga nyumba hizi, siyasikii redioni tu. Nayaandika kwa mkono wangu. Mfanyakazi anatoa asilimia 1.5 ya mshahara wake kabla haujakatwa chochote, na mwajiri anaongeza asilimia 1.5 nyingine. Kijana wetu wa mashine ya kusaga chuma analipwa shilingi 24,000. Kwake zinatoka 360, kwa tajiri 360, jumla 720 kila mwezi. Kwa kijana anayetuma pesa nyumbani Bomet kila wikendi, 360 ni unga na mafuta ya kupikia.

Tulianza Julai 2023. Tarehe 28 Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba makato hayo yanakiuka Katiba, ila yakaachwa yaendelee kwa muda. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuongeza muda huo, nasi mishahara ya Februari hatukuikata. Vijana walikuja ofisini na karatasi zao za mshahara kuniuliza kama nimekosea hesabu, mbona zimezidi. Halafu tarehe 19 Machi 2024 Rais Ruto akatia saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na mwezi huo huo nikayarudisha makato. Yule wa mashine alisimama mbele ya meza yangu, miwani ya kazi bado iko kipajini, akaniuliza: "Dada, na hii nyumba ninayojenga iko mtaa gani?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi nyumbani na swali hilo, na ndilo lililonifanya nimwandikishe Mama.

Jambo moja zaidi kuhusu makato, kwa sababu nitalirudia. Pesa hizo lazima zifike KRA, mamlaka ya ushuru, kabla siku tisa za kazi hazijaisha baada ya mwezi kufungwa. Nikichelewa, faini ni asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi. Hakuna "njoo wiki ijayo". Siku ya tisa nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda iliyo ukutani, miezi yote 12, na sijawahi kuikosa.

Sasa Mama. Ana miaka 66. Anauza mandazi tangu mimi niko darasa la pili, na hajawahi kushika karatasi ya mshahara maishani. Watu wengi bado wanadhani nyumba hizi ni za wanaokatwa peke yao. Si kweli. Sheria imegawa waombaji kwa kipato: walio chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, walio kati ya 20,000 na 149,000, na walio juu ya hapo. Mama yuko kundi la kwanza. Unajiandikisha kwenye Boma Yangu, mfumo wa serikali wa kuombea nyumba hizi, ama kwa intaneti ama kwa kupiga *832# kwenye simu ya kawaida, ukiwa na kitambulisho na namba ya PIN ya KRA. Mama hakuwa na PIN, kwa hiyo tulianzia hapo. Kisha unaanza kuweka akiba kidogo kidogo kwa M-Pesa.

Sehemu hii ilikwenda vizuri na lazima niseme. Simu ya Mama ni ile ya tochi. Alijifunza kuangalia salio lake mwenyewe, na kila Jumamosi jioni, baada ya kuhesabu mauzo, alinipa 500 au 800 nimtumie, halafu ananiambia nimsomee ujumbe kwa sauti. Wiki za mvua kubwa alileta 200. Hakuna aliyemgombeza kwa 200.

Ukuta uko mbele kidogo: asilimia 10 ya bei, iliyotakiwa kwetu kabla Mama hajaandikiwa nyumba. Ukitaka kujua uzito wake, angalia Mukuru kule Nairobi, ambako Rais alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza tarehe 20 Mei 2025. Bedsita, yaani chumba kimoja cha kuishi na kulala, ya mita 20 za mraba pale ni shilingi 640,000, na mwenye nyumba analipa 3,900 kwa mwezi. Hizo 3,900 ni pesa ambazo mtu wa kibanda cha mabati anaweza kuzifikia, kwa sababu tayari analipa kodi isiyopishana sana na hiyo. Lakini asilimia 10 ya 640,000 ni 64,000, tena mkononi, kwa mtu ambaye duka lake zima la mboga halifiki 5,000. Nyumba ikiwa ya milioni moja, ni laki nzima. Akiba ya Mama ya miaka miwili haikufika nusu ya kilichotakiwa. Iliyobaki tulichanga sisi watoto wanne, na mimi nilikopa kwenye sako, chama chetu cha akiba na mikopo cha kazini. Mama asingekuwa na mtoto mwenye mshahara, angekuwa bado anaweka 200 zake mpaka leo. Hapo ndipo mpango huu unapowapoteza wale ambao umetengenezwa kwa ajili yao, na natamani wanaoupanga wakae jioni moja na mama wa mandazi wahesabu naye sarafu.

Katikati ya kungoja alitokea kijana mmoja kwenye duka la kompyuta, akaniambia jina la Mama "linaweza kusukumwa" kwa 15,000. Alikuwa na orodha iliyochapishwa, ina mihuri. Nilimuuliza mihuri hiyo ni ya ofisi gani, akaanza kukunja karatasi. Usilipe mtu kama huyo. Akiba inawekwa kwenye akaunti yako mwenyewe na ugawaji hauna karani wa kusukuma jina. Jirani yetu alimlipa, na kijana hapatikani tena.

Baada ya jina kutoka, tuliingia kwenye kungoja kwingine, na hapa ndipo nyota tatu zilipoanguka. Funguo tuliambiwa ni wiki ijayo. Wiki hiyo ikafika, tukaambiwa wiki ijayo. Mara ya tatu Mama alikuwa ameshafunga vyombo kwenye magunia na kumwahidi binti wa shangazi kitanda. Alilala wiki mbili na godoro limeegemea ukuta. Niliomba tarehe kwa maandishi, nikaambiwa watatupigia. Nilitaka kuwauliza kama nami naweza kuiambia KRA kwamba nitawapigia, ila yule mama wa mapokezi hakuwa na kosa, nikanyamaza.

Haya, nyumba yenyewe.

Ni chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko, bafu na choo ndani, na kibaraza kidogo, ghorofa ya tatu. Ili mjue kwa nini nasema nyota nne, lazima nieleze Mama anatoka wapi. Nakuru ni mji wa reli na wa wafanyakazi, na mitaa ya zamani ya baraza la mji, kina Kivumbini, Flamingo na Kaloleni, ilijengwa wakati mfanyakazi alihesabiwa kama mtu wa kulala tu: chumba, na choo cha pamoja nje. Sisi watoto wanne tulilelewa kwenye chumba cha namna hiyo. Pazia ndilo lililokuwa ukuta. Usiku mtu akitaka kwenda chooni, anaamsha mwingine amsindikize na tochi. Mji huu ukawa jiji tarehe 1 Desemba 2021, wa nne nchini, na usiku huo Mama alikwenda chooni na tochi.

Kwa hiyo alipofungua mlango wa choo ndani ya nyumba yake, akavuta maji, akasikiliza tangi likijaa tena, akavuta mara ya pili, nilitoka nikaenda kibarazani kujifuta macho. Hilo nalo ni la kupimwa katika ukaguzi wa nyumba.

Mlango mkuu ni wa mbao, bawaba tatu nzito, na unafunga bila kusukumwa na bega. Serikali ilitenga kazi ya milango na madirisha ya miradi hii kwa mafundi wa jua kali, na huu umetengenezwa na mtu anayejua randa. Pitisha kiganja kwenye ukingo wa chini, ambako mafundi wavivu huacha mbao ghafi ikanywa maji: huu umepakwa vanishi hadi huko. Dirisha la jikoni linatazama mlima Menengai, na asubuhi mwanga unaingia mpaka kwenye sinki. Kasoro yake ni mpira wa pembeni. Nakuru jina lake lenyewe watu wanalitoa kwenye neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na Januari upepo ukianza, vumbi linapita kwenye mwanya wa dirisha la chumba cha kulala na kutanda juu ya shuka. Mama ameuziba kwa vipande vya malapa. Unashika vizuri.

Kuta za kati ni imara. Nimegonga msumari wa picha ukaingia bila plasta kumomonyoka. Sauti ndiyo inayopita. Jirani wa juu akivuta kiti, unajua. Stima ni ya tokeni, na taa zote ziliwaka siku ya kwanza. Maji yana mita kwa kila nyumba, hakuna kugombana kwamba fulani amefua blanketi. Ya kunywa bado ananunua kando, kwa sababu ya ile floridi iliyotuchafua meno wengi tuliokulia huku, na hilo si kosa la jengo.

Ngazi zina vidato 51 hadi mlangoni kwake. Nilivihesabu nikiwa nimebeba mtungi wa gesi, na Mama alivihesabu kwa magoti. Hakuna lifti. Tuliomba ghorofa ya chini kwa sababu ya umri wake, tukaelezwa kompyuta ndiyo inayogawa. Naamini kompyuta inaweza kuulizwa umri wa mtu. Tarehe ya kuzaliwa imo kwenye kitambulisho tulichowapa siku ya kwanza. Kwenye kila jengo kuna vijana ghorofa ya chini wanaopanda wawili wawili kwenda kuanika nguo juu ya paa, na kuna bibi wa miaka 70 na zaidi ghorofa ya nne ambaye hajashuka tangu Jumapili.

Bafu walilirekebisha. Nilipeleka malalamiko siku ile ile ya ukaguzi, nikaandika kwenye fomu yao: mteremko wa sakafu unaelekea mlangoni, vigae 6 vina uvungu. Nikaomba mwenye ofisi aweke saini na tarehe kwenye nakala yangu. Wengi hawakuandika kitu, walipokea funguo kwa furaha na kuondoka, na wanaotaka kurekebishiwa sasa wanaulizwa kama si wao waliovunja. Mafundi walikuja baada ya siku 19. Wakabandua sakafu yote, wakamwaga simiti upya kwa kipima maji, wakarudishia vigae. Kazi safi, sina neno. Mama mwenyewe ndiye aliyemwaga ndoo mara ya pili. Maji yalikwenda konani moja kwa moja, yakazunguka tundu, yakaisha.

Kuhusu umiliki, someni mkataba pole pole, na kama Kiingereza kinawachosha tafuteni wa kuwasomea. Ni ununuzi wa upangaji: unalipa kila mwezi kwa miaka mingi, na ukimaliza ndipo unakuwa mwenye nyumba kamili. Chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, hati inaweza kuandikwa kwa nyumba yako yenyewe ndani ya ghorofa, si hisa katika kampuni. Huruhusiwi kuiuza bila idhini ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Wapo wanaokilalamikia kifungu hicho. Mimi nakitetea kwa nguvu zote, kwa sababu bila hicho, wenye pesa wa Milimani na Section 58 wangenunua jengo zima kutoka kwa kina Mama ndani ya mwaka mmoja na kuwarudisha humo kama wapangaji. Ulizeni pia ada ya huduma, ya usafi, ulinzi na taka. Haimo kwenye yale malipo ya mwezi unayotangaziwa, na kwa mtu anayeuza mandazi kila shilingi inataka kujulikana mapema.

Kisha kuna jambo la mandazi. Mama alikuwa akikaangia mlangoni, jiko la makaa, karai kubwa, wateja wa saa kumi na mbili wakienda kazini wakisimama hapo hapo. Ghorofani makaa ni marufuku, na ni sawa, moto hauna mzaha. Lakini ukimwambia mtu anayeishi kwa mikono yake ahamie ghorofa ya tatu, umemhamisha na biashara yake. Michoro ya mtaa inaonyesha maduka chini, mlango unaotazama barabara, na vibanda vya soko karibu na geti. Vimejengwa. Nimechungulia kwa dirishani: sinki ipo, soketi zipo, sakafu imefagiliwa. Vimefungwa kwa kufuli, miezi minne sasa, vinangoja kugawiwa, na hakuna anayesema lini.

Basi Mama anaamka saa tisa na nusu usiku, anashuka vidato 51 na unga aliokanda jioni, anapanda boda ya shilingi 80 hadi kwa shangazi kwenye mtaa wetu wa zamani, anakaanga pale kwenye mlango wa mwenzake, na saa tatu asubuhi anarudi. Boda ya kwenda na kurudi inamla 160 kwa siku, siku sita za wiki. Hesabu ya makadirio kwangu ni kazi, niliifanya kwenye karatasi jikoni kwake: ni zaidi ya 4,000 kwa mwezi. Hiyo peke yake inazidi malipo ya bedsita ya Mukuru.

Nimemwambia yule kijana wa mashine mambo yote haya, ya bafu na ya boda. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama anaweza kuanza na 300. Tumemwandikisha Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, kwa simu yake mwenyewe.

Na ofisini kwao nimepeleka barua ya pili, safari hii ina saini za akina mama 11 wa majengo matatu: muuza samaki, wawili wa mboga, fundi cherehani, msusi, na wengine. Tumeomba kitu kimoja, tarehe ya kufunguliwa kwa vibanda, kwa maandishi. Nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Siku ya tisa ya kazi tangu muhuri huo ni Alhamisi ijayo. Nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya karakana, na siku hiyo nitakwenda na Mama, tukitoka kwa shangazi, na karai lake tutakuwa nalo.